FAINI YA BEI MOJA: Sheria ya barabarani na hesabu za Karatu

KARATU

Kwa kawaida ukurasa huu hueleza bei. Msomaji hupata hapa habari za vitunguu vya Mang'ola, ngano na mbaazi za Karatu, kahawa ya Oldeani, na jinsi msimu wa watalii unavyokwenda. Wiki hii tunaeleza bei ya kitu ambacho hakipangwi sokoni wala hakina dalali, lakini karibu kila mwenye gari wa njia ya Makuyuni hadi geti la Lodoare hukinunua mapema au baadaye. Kitu hicho ni kosa la barabarani.

Bei yake inajulikana. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo katika vitabu vya sheria ni Sura ya 168, ilimpa askari wa usalama barabarani uwezo wa kumwandikia mkosaji taarifa ya kosa, naye akikubali akalipa bila kufikishwa mahakamani. Hicho ndicho kifungu cha 95 ambacho madereva wanakijua kwa mkono kuliko kwa kukisoma. Kwa miaka mingi kiwango kimekuwa Sh. 30,000/= kwa kosa moja. Mwaka 2021, katika bajeti ya 2021/22, serikali ilipunguza kiwango cha bodaboda na bajaji kutoka Sh. 30,000/= hadi Sh. 10,000/=.

Tangu katikati ya miaka ya 2010 yamekuwapo mapendekezo mengi ya kuirekebisha sheria hiyo. Asasi za kiraia, zikiwamo TAWLA na TAMWA, zimeyapigia debe. Jeshi la Polisi na wabunge wameyajadili. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likiyahimiza katika nchi nyingi, na Tanzania haikuachwa. Lakini mengi yaliyoandikwa juu yake yameandikwa kwa lugha ya wanasheria au ya madaktari. Huku Karatu, mjini ambako karibu kila shilingi inaingia au kutoka kwa gurudumu, inafaa yasomwe pia kwa lugha ya daftari la hesabu.

NJIA NA MALI YAKE

Karatu ilitengwa na Wilaya ya Mbulu na kuwa wilaya kamili katika miaka ya 1990. Iko kama kilomita 140 kutoka Arusha mjini. Wazee wa biashara wanakumbuka safari ile ilivyokuwa kabla ya lami: vumbi wakati wa kiangazi, utelezi wakati wa masika, na gari kulala njiani lilikuwa jambo la kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa serikali ya Japani, kipande cha kilomita 77 kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu hadi Ngorongoro kiliwekwa lami.

Lami hiyo ndiyo iliyofanya mji huu uwe jinsi ulivyo. Hoteli zimejengwa pande zote za barabara. Gereji, vituo vya mafuta, maduka ya vipuri na wauza matunda wanaishi kwa magari yanayopita. Fuso za vitunguu zinapanda kutoka Mang'ola kwa barabara ya changarawe, zinashika lami, kisha zinateremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Arusha, Dar es Salaam au Nairobi. Noah na Coaster za abiria zinakwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku. Land Cruiser za watalii, nyingi zikiwa zimerefushwa bodi na kuwekewa paa la kunyanyuka, zinawahi geti asubuhi na kurudi jioni. Katikati ya hao wote wapo bodaboda, punda, ng'ombe wanaovuka, na watoto wa shule wanaotembea pembeni kwa sababu hawana njia nyingine.

Barabara ni ileile moja. Anayebeba watalii wa dola na anayebeba mama mwenye tenga la nyanya wanakutana kwenye kona zilezile za mlima wa Mto wa Mbu na kwenye vibao vilevile vya kilomita 50 kwa saa pale vijijini. Kwa sababu hiyo, sheria ya barabarani hapa ni sehemu ya mazingira ya biashara kama ilivyo leseni, kodi na riba ya benki.

KASORO YA BEI MOJA

Mfanyabiashara yeyote wa sokoni anajua kwamba bidhaa za daraja tofauti haziuzwi kwa bei moja. Kitunguu kikubwa kikavu kina bei yake, kilichoanza kuota kina yake, na kilichooza hutupwa. Ukiuza vyote bei moja, mnunuzi atachagua kikubwa na kukuachia uchafu.

Faini ya bei moja inafanya hivyo hivyo kwa dereva. Aliyepita kwenye kibao cha 50 kwa mwendo wa kilomita 54 anaandikiwa Sh. 30,000/=. Aliyepita hapo hapo kwa kilomita 95, huku watoto wakitoka shule, akiandikiwa kwa utaratibu huohuo atalipa Sh. 30,000/=. Sheria inaruhusu kosa kubwa lifikishwe mahakamani, hilo ni kweli, lakini kwa mkosaji wa kila siku anayekutana na tochi pembeni mwa barabara, bei ni ile ile. Kwa lugha ya biashara, kilomita nne za kwanza zinauzwa ghali sana na zile arobaini zinazofuata zinatolewa bure.

Tena bei hiyo haimwangalii mnunuzi. Sh. 30,000/= ni mzigo mkubwa kwa mwenye Noah anayesubiri abiria wajae. Kwa kampuni ya utalii yenye wageni sita ndani ya gari, ni fedha ya chai. Punguzo la mwaka 2021 kwa bodaboda na bajaji lilikuwa ni kukiri jambo hilo: kwamba kiwango kimoja hakiwezi kuwa adhabu sawa kwa watu wasio sawa. Lakini punguzo lile liligawa faini kwa aina ya chombo. Halikugawa kwa uzito wa kosa. Bodaboda aliyesahau kuwasha taa na bodaboda aliyebeba abiria watatu huku amelewa, wakiandikiwa, wamo kwenye kapu moja.

Faini inayomzidi mkosaji uwezo ina kasoro nyingine ambayo kila mtu anaijua na wachache wanaiandika. Huzaa bei ya pili, ya chini zaidi, isiyo na stakabadhi. Mashine za kielektroniki na namba za malipo zimepunguza nafasi ya jambo hilo, lakini hazikuiondoa tamaa yenyewe. Kwa hiyo wanaosema dawa ni kupandisha faini tu wafikirie tena. Ukipandisha bei ya dukani bila kufunga mlango wa nyuma, unawapeleka wateja mlango wa nyuma.

ADA YA SAA 24

Kuna hesabu moja inayohusu Ngorongoro peke yake na majirani zake, ambayo mjadala wa Dodoma na Dar es Salaam hauigusi sana.

Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979, lina ukubwa wa kilomita za mraba 8,292. Ni hifadhi wanamoishi watu na mifugo yao, na barabara kuu ya kwenda Serengeti inapita humo. Mgeni anayeingia hulipa ada ya hifadhi, na kibali huhesabiwa kwa saa 24. Akipitisha muda, hulipa tena. Serengeti nao wanahesabu kwa saa 24. Kwa mtu mzima asiye wa Afrika Mashariki, kiwango cha Ngorongoro kilichotangazwa kwa miaka ya karibuni ni dola 60 za Marekani kabla ya VAT. Ukiongeza asilimia 18, kodi iliyoanza kutozwa kwenye huduma za utalii Julai 2016, inakuwa dola 70.80.

Sasa tupige hesabu. Dereva yuko Serengeti na wageni sita. Anapaswa kutoka Naabi, apite Olduvai, apande Malanja, azunguke ukingo wa kreta na kufika Lodoare kabla kibali hakijaisha na kabla geti halijafungwa jioni. Amechelewa kidogo kwa sababu wageni waliomba kumtazama chui. Akichelewa getini, ada ya wageni sita kwa mara nyingine ni dola 424.80. Tukichukulia dola moja kwa Sh. 2,500/= kwa urahisi wa hesabu, hiyo ni Sh. 1,062,000/=. Akikimbia na kukamatwa, ni Sh. 30,000/=. Gharama ya kuchelewa inazidi gharama ya kukimbia zaidi ya mara 35.

Hakuna haja ya kumlaumu dereva kwa tabia mbaya hapo. Amepewa bei mbili na amechagua iliyo rahisi. Aliyepanga ada alikuwa na sababu zake nzuri za mapato na za kuzuia msongamano. Aliyepanga faini naye alikuwa na sababu zake. Lakini hawakukaa meza moja, na matokeo yake ni kwamba taasisi moja ya serikali inamlipa dereva ili akimbie, na nyingine inamtoza kidogo kwa kukimbia. Anayepita kati yao ni mfugaji wa Kimasai anayevusha ndama kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi na vumbi.

Dawa ya hili haihitaji Bunge. Muda wa nyongeza wa saa moja au mbili kwenye kibali, hata kwa malipo madogo yanayopanda kwa kila saa, ungeondoa sehemu kubwa ya mbio hizo. Mwenye gari angekuwa na chaguo la tatu kati ya milioni moja na kukimbia. Kwa mamlaka ya hifadhi hasara ingekuwa ndogo, na huenda ikawa faida, kwa kuwa leo wengi wanawahi na hivyo hawalipi chochote cha ziada.

NANI HASA ANALIPA

Swali jingine ni la mfuko. Mfumo wa kielektroniki wa makosa ya barabarani huonyesha deni kwa namba ya usajili wa gari. Yeyote anaweza kuangalia deni la gari kwa namba yake, na deni lisipolipwa kwa muda uliowekwa huongezeka. Ni hatua nzuri kwa ukusanyaji. Lakini kosa la mwendo au la kupita gari lingine kwenye mstari usioruhusiwa ni la dereva, wala gari halijiendeshi.

Katika biashara ya Karatu madereva wengi si wenye magari. Wapo wa mkataba wa msimu, wapo wanaolipwa kwa siku, na wapo wa Noah wanaopeleka hesabu jioni kwa tajiri. Dereva anaweza kuondoka mwisho wa msimu akaacha deni la makosa matano, tajiri akaligundua siku anapotaka kuuza gari. Tajiri naye, akijua kwamba atalipa yeye, humkata dereva kwenye mshahara, na dereva hufidia kwa kukimbiza safari nyingine. Mzunguko huo hauna mwisho.

Ndiyo maana pendekezo la kuandika alama kwenye leseni ya dereva linafaa kuungwa mkono na wenye magari kuliko mtu mwingine yeyote. Uingereza wanatumia utaratibu huo: dereva anayefikisha alama 12 ndani ya miaka mitatu hukabiliwa na kufungiwa leseni. Alama haziwezi kulipwa na tajiri wala kukatwa kwenye hesabu ya jioni. Zinamfuata mtu anapohama kampuni. Mwajiri anayetafuta dereva wa kumkabidhi wageni au watoto wa shule angekuwa na kitu cha kusoma zaidi ya barua ya utambulisho.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, tayari imeonyesha njia kwa mabasi. Vifaa vya kufuatilia mwendo vimefungwa, na madereva wa magari ya abiria hupimwa na kusajiliwa, hivyo dereva anajulikana. Mwaka 2023, serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya zuio la karibu miaka 30, ufuatiliaji huo ulikuwa mojawapo ya sababu zilizotolewa. Kwa maneno mengine, wenye mabasi walipata saa zaidi za kufanya biashara kwa kukubali kuonekana. Hilo ni somo ambalo wenye magari ya watalii na ya mizigo wanapaswa kulitafakari.

YALIYOPENDEKEZWA NA GHARAMA ZAKE

Mapendekezo ya marekebisho yamekuwa yakizunguka mambo matano: mwendo, kilevi, kofia ngumu, mikanda na vizuizi vya watoto. Tuyapitie kwa jicho la mwenye mali.

Kwanza, mwendo. Sheria iliweka kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi na kilomita 80 kwa magari makubwa na ya abiria. Kinachopendekezwa ni kushuka hadi 30 mahali penye shule na watembea kwa miguu wengi. Wapo watakaosema biashara itachelewa. Tuhesabu. Kipande chote cha kilomita 77 kutoka Makuyuni hadi Lodoare, gari likienda kilomita 80 kwa saa bila kusimama, ni dakika 58. Likienda 100, ni dakika 46. Faida ya kuvunja sheria njia nzima ni dakika 12, na kwa kuwa kuna vijiji, kona na mlima, kwa kweli haifiki hapo. WHO inaeleza kwamba kila asilimia moja ya nyongeza kwenye mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kifo kwa asilimia 4. Dakika 12 ni muda wa kunywa chai Mto wa Mbu.

Pili, kilevi. Kiwango kilichowekwa kilikuwa gramu 0.08 kwa mililita 100 za damu, na kinachopendekezwa ni kushuka hadi 0.05, kama nchi nyingi zilivyofanya. Kwa mwenye gari hii haina gharama yoyote. Kinachogharimu ni vipimo vya polisi, na huo ni mzigo wa serikali.

Tatu, kofia. Kinachotakiwa ni kofia yenye ubora, iliyofungwa kidevuni, kwa dereva na kwa abiria wake. Hapa gharama ipo, na inamwangukia bodaboda. Kofia nzuri si rahisi, na abiria wengi hawapendi kuvaa kofia iliyovaliwa na wengine. Vyama vya bodaboda vingeweza kununua kwa pamoja na kupata bei ya jumla, kama wakulima wanavyofanya kwa mbolea.

Nne, mikanda. Sheria ya zamani ilimlazimisha dereva na abiria wa kiti cha mbele. Wa nyuma hakutajwa. Kinachopendekezwa ni kwamba kila aliyekaa afunge. WHO inakadiria kwamba mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa waliokaa mbele kwa asilimia 45 hadi 50, na kwa waliokaa nyuma hadi asilimia 25. Magari mengi ya watalii tayari yana mikanda ya nyuma, kwa sababu mgeni wa Ulaya huiuliza kabla hajakaa. Tatizo liko kwenye Coaster na Hiace kuukuu, ambazo mikanda ilikatwa ili kuongeza viti. Kurudisha viti vya asili ni kupoteza nauli ya abiria wawili au watatu kila safari. Hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika orodha hii, na ni haki kuitaja. Anayetunga kanuni atoe muda wa mpito ulio wazi, na asiache gari lililotii lishindane kwa nauli na lisilotii.

Kuna jambo la kwetu hapa ambalo mtunga sheria alizingatie. Ndani ya kreta mgeni husimama chini ya paa lililonyanyuliwa ili apige picha, huku gari likisogea polepole. Kanuni ya mikanda isipotofautisha kati ya barabara kuu na njia za kutazama wanyama, itavunjwa siku ya kwanza, na kanuni inayovunjwa siku ya kwanza huharibu heshima ya zilizobaki.

Tano, watoto. Sheria ya 1973 haikuwa na neno juu ya viti maalumu vya watoto wala mikanda yao. Hapo ndipo tunapofika Rhotia.

RHOTIA, MEI 2017

Jumamosi tarehe 6 Mei 2017, asubuhi, basi dogo la wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa likija Karatu. Watoto walikuwa wanakuja kufanya mtihani wa kujipima na wenzao wa hapa. Katika mteremko wa Rhotia basi liliacha njia na kutumbukia kwenye korongo la mto Marera. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Wanafunzi watatu walinusurika wakiwa na majeraha makubwa, wakapelekwa kutibiwa Sioux City, jimbo la Iowa, Marekani. Aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, Samia Suluhu Hassan, aliongoza kuaga miili kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha.

Hatuna haki ya kusema kwamba mkanda ungewaokoa wangapi, na ukurasa huu hautasema. Tunachoweza kusema ni kwamba watoto wale walikuwa mali ya thamani kuliko shehena yoyote iliyowahi kupita njia hii, na sheria iliyokuwapo siku ile ilimtaja dereva na aliyekaa mbele tu. Mzigo wa vitunguu una kanuni za kufungwa turubai na kamba. Una mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inataja uzito kwa tani na kwa ekseli, na mwisho wake ni tani 56. Mwenye Fuso aliyezidisha anajua atalipa kulingana na alivyozidisha. Kwa mzigo, serikali ilikwisha kukubali kwamba kosa kubwa lilipiwe zaidi ya dogo. Kwa nini isiwe hivyo kwa mwendo na kwa usalama wa watu?

Si Karatu tu. Februari 2024, Ngaramtoni nje ya Arusha, lori liliyagonga magari mengine na watu 25 wakafa, na breki ndizo zilizotajwa kuwa chanzo. Kwa mwaka 2016 taarifa rasmi ilionyesha vifo 3,256 vya barabarani nchini, na WHO katika ripoti yake ya 2018 ilikadiria kwamba idadi halisi ilifika 16,252. Hata ukichukua ile ndogo, ni karibu watu tisa kila siku ya mwaka, wengi wao wakiwa watu wa umri wa kufanya kazi.

MAJIRANI WAMEFANYAJE

Kenya, kwa kanuni za mwaka 2016 za makosa madogo ya barabarani, walipanga faini kwa ngazi. Aliyezidisha mwendo kwa kilomita 1 hadi 5 huonywa. Kwa 6 hadi 10 ni Sh. 500 za Kenya, kwa 11 hadi 15 ni Sh. 3,000, na kwa 16 hadi 20 ni Sh. 10,000. Dereva anayesogeza mguu kwenye mafuta anajua kila kilomita inamgharimu nini. Huo ndio mpango wa bei ambao soko lolote lingeuelewa.

Uganda walijaribu njia ya kamera na faini za moja kwa moja mwaka 2025, na ndani ya wiki chache walilazimika kusimamisha kwa sababu ya malalamiko ya wenye magari kuhusu viwango na vibao. Fundisho ni kwamba hata adhabu yenye nia njema hukataliwa ikiwa watu hawajaelezwa kikomo kiko wapi na kwa nini. Hapa kwetu malalamiko hayo yapo tayari: kibao cha 50 kinaanza kijijini na kile cha kumaliza hakionekani, au kimeng'olewa, na tochi iko mbele. Faini za ngazi bila vibao vilivyokamilika zitaonekana kuwa mtego.

LA KUFANYA

Mjadala wa sheria ni wa Bunge, na mwenye gari wa Karatu ana mbunge wake wa kumfikishia hoja. Ukurasa huu unapendekeza hoja nne. Faini ifuate uzito wa kosa. Alama ziandikwe kwenye leseni ya dereva. Mikanda iwe kwa kila aliyekaa, pakiwapo muda wa mpito kwa magari kuukuu na ufafanuzi kwa njia za kutazama wanyama. Na ada ya saa 24 iwe na nyongeza ya saa, ili serikali isiendelee kumlipa dereva akimbie.

Lakini yapo yasiyosubiri Bunge. Kampuni ya utalii inaweza leo kupanga ratiba isiyohitaji mbio, na kumwambia dereva kwa maandishi kwamba ada ya kuchelewa ni ya kampuni na faini ya mwendo ni yake. Mwenye Noah anaweza kuangalia deni la gari lake kila Jumatatu badala ya kusubiri siku ya kuuza. Mnunuzi wa vitunguu anaweza kuacha kumlipa dereva ziada kwa kuwahi soko. Shule inayokodi basi inaweza kukataa basi lisilo na mikanda, na mzazi anaweza kuuliza kabla hajalipa nauli.

Kwa hesabu za hapa Karatu, kukimbia njia nzima kunaokoa dakika 12, na kwa mwenye wageni kunaweza kuokoa dola 424. Upande wa pili wa daftari ni korongo la Rhotia, ambako watu 35 walikufa asubuhi moja. Wenye mali wapime pande zote mbili kabla ya kukabidhi funguo.